Majani Makavu Chini ya Mitiki: Namna ya Kuyapima na Kuyalinda Kabla ya Mvua

Jani la mtiki ni pana kuliko sahani ya wali. Wengi huku Handeni tunaamini kwamba likiwa juu mtini ndipo linapokinga udongo na mvua. Kumbe matone madogo yanatua juu yake, yanakusanyika, kisha yanadondoka yakiwa tone moja zito. Mti ukishapita mita 8 hivi, tone hilo linafika chini na kasi yake karibu yote. Likikuta ardhi tupu linaipiga vibaya kuliko mvua ya mahali pa wazi. Jani linalokinga ni lile lililokwisha kuanguka.

Mwongozo huu ni kwa mwenye shamba la mitiki, au la mitiki iliyochanganyika na miti ya asili, katika nyika za Tanga. Utahitaji daftari, panga, reki, kopo kubwa la bati na simu yenye saa. Pima mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Septemba kabla ya vuli, na mwisho wa Februari kabla ya masika.

Hatua ya 1: Soma dalili

Ingia shambani asubuhi baada ya mvua kubwa, uchuchumae. Usiangalie juu. Tafuta kokoto. Pale udongo unapopotea, kila kokoto inabaki imesimama juu ya kiguzo chake cha udongo, kirefu kama kucha, kwa sababu tone limekula pembeni na kushindwa kula chini ya jiwe. Angalia na mashina: udongo mwekundu ukiwa umerukia hadi magotini mwako, matone yanapiga chini bila kizuizi. Mizizi iliyo nje nayo ni dalili, ila hiyo ni ya miaka mingi. Viguzo vinakueleza habari ya jana.

Bibi mmoja jirani yangu aliwahi kunisimamisha njiani. "Mwanangu, miti mizuri, lakini chini mbona umeacha pachafu hivyo? Si upige kiberiti upate kupita?" Nilimwelewa, maana kwetu uwanja uliofagiwa ni heshima ya mwenye nyumba. Nilimwambia, "Bibi, twende nikuonyeshe," nikampeleka kwenye kona iliyoungua mwaka ule. Akainama, akagusa vile viguzo kimoja kimoja. Kisha nikafunua majani upande usioungua: pamelowa, panatoka jongoo na nyungunyungu. Hakuuliza tena habari ya moto.

Hatua ya 2: Hesabu kwa ncha ya kiatu

Huhitaji kifaa. Chagua mstari unaokatiza shamba, tembea hatua 100 za kawaida, na kila hatua tazama kinachoguswa na ncha ya kiatu kilichotangulia. Jani, kijiti, nyasi au mboji: andika J. Udongo mtupu: andika U. Ukipata J 63, udongo umefunikwa asilimia 63. Fanya mistari mitatu, uchukue wastani. Usichague pa kukanyaga, na usiruke mahali pabaya kwa kuwa panakuudhi.

Mimi nikipata chini ya 70, naanza kazi ya kuziba mapengo (Hatua ya 6) siku hiyo hiyo. Nikipata zaidi, naangalia usawa tu, kwa sababu upepo wa kusi husomba majani na kuyarundika upande mmoja. Wastani unaweza kuwa mzuri huku mgongo wa mteremko ukiwa uchi.

Hatua ya 3: Pima uzito, ukitaka

Fremu ya fito ya nusu mita kwa nusu mita. Kusanya majani yote ndani yake, yaanike hadi yakauke kabisa, pima. Gramu 150 ndani ya fremu ni gramu 600 kwa mita moja ya mraba, yaani tani 6 kwa hekta. Kwa mkulima wa ekari mbili tatu, hesabu ya kiatu inatosha.

Hatua ya 4: Jaribu udongo kwa kopo

Hapa ndipo utakapoamini. Toa kitako cha kopo la maziwa, sogeza majani pembeni taratibu, lizamishe kopo sentimita 5 kwa kuliwekea ubao juu na kuugonga. Mimina maji kimo cha sentimita 5, subiri yaishe. Mimina tena kimo kilekile, na safari hii ndipo uwashe saa, kwa sababu maji ya kwanza hunywewa na kiu ya udongo mkavu na yatakudanganya. Rudia mahali patupu, au palipoungua. Tofauti utaiona kwa macho: kwangu, chini ya majani maji yanazama nikiwa bado naandika saa, na pale penye ganda la udongo naweza kuzunguka shamba nikarudi yakiwa yangali yanang'aa ndani ya kopo.

Sababu ni mbili. Matone husaga chembe za udongo, nazo zikaziba vitundu. Halafu palipo na majani pana mchwa na nyungunyungu, na mashimo yao ndiyo mifereji ya maji. Mchwa wa huku nyikani hula sehemu kubwa ya majani makavu na kuyashusha ardhini, kwa hiyo usiwachukie. Kwa miche michanga tu, acha nafasi ya kiganja kati ya majani na shina.

Hatua ya 5: Zuia moto bila kuondoa majani

Ugumu wa kazi yote uko hapa, maana kinga ya udongo ndiyo kuni za moto. Mitiki hupukutisha wakati wa kiangazi, na Septemba hadi Oktoba watu wanachoma mashamba kwa ajili ya vuli. Moto ukipita, naitrojeni, chakula cha miti kilichokuwa kwenye majani, inapaa na moshi. Potasiamu na kalsiamu hubaki kwenye majivu, kisha mvua ya kwanza inayasomba.

Juni, masika yakishaisha, lima barabara ya moto, yaani ukanda usio na majani wala nyasi wa kuzuia moto usivuke, kuzunguka shamba, upana mita 5 hadi 10. Majani ya barabara hiyo usiyachome. Yavute kwa reki uyaingize ndani, chini ya miti. Rudia Agosti, kwa kuwa mitiki itakuwa imejaza tena. Shamba likiwa kubwa ligawe kwa vijia. Zungumza mapema na majirani na ofisi ya kijiji kuhusu siku za kuchoma. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu yake ya moto, na jirani aliyeambiwa mapema hukuita moto ukiwa bado mdogo.

Shamba likiungua hata hivyo, usiguse udongo kwa jembe. Moto mwepesi mara nyingi huacha majani yaliyobabuka mtini, nayo huanguka ndani ya wiki chache. Yaache yatandike.

Hatua ya 6: Ziba mapengo

Matawi ya kupogoa yalaze kukingama na mteremko. Majani yanayopeperushwa yatakwama hapo, na maji pia. Palilia kwa kufyeka, na fyeko libaki palepale. Ukiwa na glirisidia au mikenge mpakani, kata matawi machanga uyachanganye na majani ya mtiki: yana naitrojeni nyingi, huoza upesi na kuyavuta yale magumu yaoze pia.

Mwisho wa masika rudi kwenye mistari ileile uhesabu mara moja ya ziada. Ukifika mahali palipozibwa mapema, inua tabaka la chini kwa vidole, polepole sana, kwa sababu mizizi myeupe myembamba kama uzi huwa imepanda kutoka ardhini na kuingia ndani ya majani yanayooza, na ukivuta kwa haraka utaikata kabla hujaiona.