Elimu ya watu wazima: fuata rika, usifuate ripoti

Ukitaka kujua kama Wakenya watu wazima wamesoma zaidi leo kuliko miaka 20 iliyopita, usifungue ripoti mbili na kuziweka asilimia zake bega kwa bega. Anza na miaka ya kuzaliwa. Mtu akifika umri wa miaka 25 hivi, masomo yake ya shule huwa yameshafika yalipofika. Kinachobadilisha wastani wa nchi ni wazee wanaotangulia mbele ya haki na vijana wanaoingia utu uzima. Kwa hiyo waliozaliwa mwaka fulani ukiwapima leo kisha ukawapima tena baada ya miaka 10, wanapaswa kuwa karibu na pale ulipowaacha. Wakiruka ghafla, kabla ya kusifia serikali yoyote, kagua kipimo chako.

Kazi yangu Nairobi ni kuwafunza wahoji wa nyumba kwa nyumba na kukaa na data zao zikisharudi. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili, mwanahabari au ofisa wa mipango wa kaunti ambaye ameombwa mchoro wa mwelekeo wa elimu na anataka mchoro huo uwe wa kweli.

Tafiti zipi zinaweza kukaa meza moja

KDHS, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, imefanywa 1989, 1993, 1998, 2003, 2008-09, 2014 na 2022. Wanawake wanaohojiwa ni wa miaka 15 hadi 49, na wanaume tangu 1998 ni wa miaka 15 hadi 54. Ipo pia KIHBS, utafiti wa bajeti za kaya, ya 2005/06 na ya 2015/16, ambayo shabaha yake ni bajeti ya nyumba lakini inauliza elimu ya kila mwanakaya. Na zipo sensa, ile ya 2019 ikiwa ya kwanza kutumia tableti badala ya karatasi.

Usichore mstari mmoja kutoka 1989 hadi 2022 kabla ya kusoma sura ya sampuli. KDHS tatu za mwanzo ziliacha nje mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya kame kama Turkana, Samburu, Marsabit na Isiolo. Utafiti wa 2003 ndio wa kwanza kuifikia nchi nzima. Maeneo hayo ndiyo yaliyonyimwa shule kwa miaka mingi, kwa hiyo yakiingia, asilimia ya wasiosoma inapanda bila mtu yeyote kuacha shule. Una njia mbili tu: anza mwaka 2003, au yaondoe maeneo hayo katika tafiti za baadaye na useme hivyo wazi chini ya mchoro. Mimi huanza 2003. Kuwatoa watu wa Wajir ili mstari upendeze ni jambo ambalo moyo wangu umekataa kulizoea.

Halafu umri. Ripoti nyingi huanzia miaka 15, na hilo kwa elimu ni kosa. Kwetu kijana wa miaka 19 anaweza kuwa bado yuko kidato cha tatu, kwa sababu alichelewa kuanza au alikaa nyumbani mwaka mzima akisubiri karo. Anza na 25. Na kama unahitaji watu waliopita miaka 49, nenda kwenye orodha ya wanakaya ya KDHS hiyo hiyo, ambayo inaandika elimu ya kila mtu nyumbani. Kumbuka tu kwamba hapo mtu mmoja anawajibia wengine, na kijana hajui kila mara kama babake aliishia la sita au la saba.

Swali lenyewe ndilo kipimo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu data nyingi huharibikia mlangoni kabla hazijafika kwenye kompyuta.

Kuuliza "Ulisoma mpaka wapi?" ni mazungumzo mazuri lakini si kipimo. Kipimo kina maswali matatu yanayofuatana: umewahi kwenda shule, ni kiwango gani cha juu ulichofika, na ni darasa gani la juu ulilolimaliza katika kiwango hicho. Sikiliza mahojiano ya kawaida ya Kayole:

"Mama, ulifika kiwango gani cha shule?"

"Nilifika sekondari."

"Na kidato cha juu ulichokimaliza?"

"Sikumaliza hata kimoja, mwanangu. Cha kwanza, muhula wa pili, karo ikakwama."

Mama huyu ameingia sekondari, lakini hajamaliza kidato chochote. Ukimweka pamoja na waliomaliza kidato cha nne kwa sababu wote "wana sekondari", umeficha tatizo kubwa kabisa la elimu ya kizazi chake, ambalo ni watoto kufika mlango wa sekondari na kurudishwa. Tenganisha daima walioingia na waliomaliza. Ripoti ikikupa "sekondari" bila kusema ipi, tafuta data ghafi uhesabu mwenyewe.

Sasa chukua wanaume wawili. Mzee wa mtaa wa Kaloleni anasema, "Nilimaliza la saba, nikafanya CPE." Kijana wa Mukuru anasema, "Niliachia la saba." Namba ni moja, 7. Lakini mzee alimaliza shule ya msingi na ana cheti cha CPE, mtihani wa mwisho wa msingi wa enzi hizo; kijana hakuimaliza. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza 1985 uliongeza mwaka mmoja wa msingi. Waliokuwa la saba mwaka 1984 waliendelea hadi la nane na kufanya KCPE ya kwanza, mtihani mpya wa kumaliza msingi, mwaka 1985, na KCSE ya kwanza, mtihani wa kidato cha nne, ikafanywa 1989. Kwa hiyo mpaka wa mifumo unapita karibu na waliozaliwa 1971, ingawa walioanza shule wakiwa wamechelewa wanausogeza.

Dawa yake ni rahisi: muulize mtihani. "Mzee, ulifanya CPE au KCPE?" Watu husahau umri wao lakini mtihani hawausahau. Kama hojaji haina swali hilo, weka sharti katika programu: aliyezaliwa kabla ya 1971 na kumaliza la saba ahesabiwe amemaliza msingi, aliyezaliwa baadaye, la nane. Wanaozunguka mwaka huo wenyewe, tuseme 1969 hadi 1973, wachunguze kando.

Mtego huo huo uko kwenye wastani wa miaka ya masomo. Kidato cha nne cha zamani ni miaka 11, yaani 7 na 4. Kidato cha nne cha 8-4-4 ni miaka 12. Watu wawili waliofika mahali pamoja wanatofautiana mwaka mzima, na wastani wa taifa unapanda kwa sababu ya kalenda. Ajabu ni kwamba ukifika shahada, hesabu zinakutana tena: 7, 4, 2 (kidato cha tano na cha sita) na 3 za chuo kikuu ni 16, na 8, 4 na 4 pia ni 16. Ndiyo maana napendelea asilimia ya waliomaliza kila ngazi kuliko wastani wa miaka.

Jibu jingine linalohitaji swali la ziada ni "nilienda chuo". Mtu anaweza kumaanisha Chuo Kikuu cha Nairobi, kozi ya miezi mitatu ya kompyuta kwenye ghorofa ya River Road, au chuo cha ufundi cha kijijini alichoingia baada ya la nane. Uliza mambo mawili: ulihitaji cheti gani ili uingie, na kozi ilichukua muda gani. Kilichokubali mtu wa la nane si elimu ya baada ya sekondari, hata kama bango lake limeandikwa koleji.

Eastleigh utakutana na waliosoma duksi, yaani shule ya Kurani ya Wasomali, na mitaa mingine wale waliosoma madrasa. Hojaji nyingi huwaandika kama wasiosoma shule, na kwa kulinganisha tafiti huna budi kufuata kanuni ileile, lakini tafadhali waandike kwa msimbo wao. Mtu anayesoma Kiarabu vizuri hastahili kutoweka ndani ya "hakusoma". Vivyo hivyo waliosoma ngumbaru. Kampeni ya kisomo ilizinduliwa upya mwaka 1979, na wapo akina nyanya waliojifunza kusoma humo bila kukanyaga darasa la kwanza.

Kusoma na kuandika ni kipimo kingine kabisa, usikiunganishe na hiki. Utafiti wa kitaifa wa kisomo wa 2006 uliwapa watu jaribio, ukapata asilimia 61.5 ya watu wazima wakiwa wamefikia kiwango cha chini cha kisomo. KDHS ya 2003 nayo iliwaonyesha watu kadi yenye sentensi, lakini waliofika sekondari ilichukulia kwamba wanajua. Namba za njia hizo mbili haziingii kwenye mstari mmoja.

Kulifuata rika moja katika tafiti tatu

Chukua wanawake waliozaliwa 1975 hadi 1979. Waliofika darasa la saba walilifikia baada ya mfumo kubadilika, kwa hiyo huhangaiki na CPE. Katika KDHS ya 2003 walikuwa na miaka 23 hadi 28; walio chini ya 25 hawaharibu hesabu ya msingi, kwa sababu umri wa shule ya msingi ulikuwa umeshawapita. Mwaka 2014 walikuwa na 34 hadi 39, na 2022 walikuwa na 42 hadi 47, bado ndani ya kikomo cha 49. Toa kwa kila utafiti asilimia tatu: ambao hawakuenda shule kamwe, waliomaliza msingi, waliosoma zaidi ya sekondari.

Ya kwanza na ya pili zikae pale pale. Ikiwa "hawakwenda shule" inashuka kwa alama nyingi kutoka 2003 hadi 2022, hakuna shule iliyowasomesha wakiwa na miaka 40. Tafuta sababu kwenye kipimo: swali limebadilishwa, eneo limeachwa, au watu wanaona aibu zaidi kusema hawakusoma. Vifo pia huwapunguza maskini mapema, ila mara chache kiasi cha kuonekana katika umri huu.

Ya tatu inaweza kupanda kwa haki. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mpango wa wanafunzi wanaojilipia, vyuo vingine vikafuata, na walimu, wauguzi na makarani wakaanza kumiminika katikati ya jiji saa kumi na moja jioni kwenda madarasani. Elimu ya juu katika rika hili iliendelea kukua wakiwa na watoto nyumbani. Kwangu hiyo ndiyo habari nzuri zaidi katika data zote hizi, na haionekani kabisa kwa anayelinganisha jedwali na jedwali.

Ukimaliza rika moja, panga marika yote ya miaka mitanomitano. Mitano, kwa sababu watu hupenda kutaja umri unaoishia na 0 au 5, na kundi pana humeza makosa hayo. Hapo utaweza kutazama kwa jicho tulivu msukumo wa 1974, madarasa manne ya kwanza yalipoondolewa karo, na ule wa Januari 2003, msingi wote ulipofanywa bure. Mtoto wa miaka 6 mwaka 2003 alizaliwa 1997. Alitimiza 25 mwaka 2022. Athari ya 2003 kwa watu wazima ndiyo kwanza inaanza kuonekana.

Uzito na mwanya wa makosa

KDHS ya 2022 ilichagua maeneo 1,692 ya kuhesabia, yaani klasta, ikahoji wanawake 32,156 na wanaume 14,453. Kaunti ndogo hupewa nyumba nyingi kuliko sehemu yake ya watu, ili nayo iwe na takwimu. Bila uzito, yaani namba inayomrudisha kila mhojiwa kwenye sehemu yake halisi ya watu, Lamu inazungumza kwa sauti kubwa mno na Nairobi kwa sauti ndogo. Katika faili ya wanawake, gawanya v005, safu ya uzito, kwa 1,000,000, iambie programu v021 ndiyo klasta na v022 ndiyo tabaka. Nchi ina matabaka 92, mijini na vijijini kwa kaunti 47, isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo ni mji mtupu.

Kisha uheshimu udogo wa sampuli. Tuseme rika lako Nairobi lina watu 400 na asilimia 20 wamesoma zaidi ya sekondari. Kwa sampuli ya bahati nasibu ya kawaida mwanya ni alama 3.9 kila upande. Watu wa klasta moja hufanana, na hilo likizidisha mara mbili kile wanatakwimu wanachokiita variance, mwanya unafika 5.5. Kulinganisha tafiti mbili za namna hiyo, unahitaji tofauti ya karibu alama 8. Anayeandika kichwa cha habari kwa alama 3 anawapotosha wasomaji.

Nairobi

Kwa mipaka tuna bahati: mkoa wa zamani ndio kaunti ya leo, huhitaji kuunganisha wilaya. Lakini watu wazima wa Nairobi wengi walisomea Kitui, Siaya, Kakamega au Murang'a. Elimu yao inaeleza nani anahamia jijini, haielezi shule za jiji. Ukitaka kuzipima shule za jiji, uliza mtu alikuwa anaishi wapi akiwa na miaka 12.

Na kuna lango. Mathare mhoji hufunguliwa mlango na kukaribishwa chai. Kilimani na Lavington mlinzi humrudisha kabla hajajieleza. Waliosoma sana wasipopatikana, jiji linaonekana limesoma kidogo kuliko lilivyo. Nenda jioni na Jumapili alasiri, pitia kwa msimamizi wa jengo na barua ya utambulisho, na uandike kila nyumba iliyokukataa.

Hojaji inayokuja

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na mwaka huo huo Gredi ya 7 ya mtaala mpya wa umilisi (CBC) ikaanza kama sekondari ya chini, ingawa wanafunzi wake wanasomea kwenye shule za msingi. Mhojiwa atakuambia "niko praimari" au "niko sekondari" kwa kutazama geti. Mrekodi kwa gredi, kamwe usimrekodi kwa shule. Uainishaji wa UNESCO, ISCED, umekuwa ukihesabu la saba na la nane la Kenya kama sekondari ya chini, na ndiyo sababu namba zake za nchi yetu hazifanani na za KNBS, shirika la takwimu la taifa. Kwa hiyo hifadhi safu tatu kwa kila mtu: mfumo aliosomea, darasa au gredi ya mwisho aliyoimaliza, na mtihani wa mwisho alioufanya. Ukiwa na hizo tatu, atakayekuja mwaka 2040 na kanuni zake mpya ataweza kuzipanga upya bila kurudi kugonga mlango wa mtu.