Dakika 10 ni nyingi
Juzi hapa Kadutu, Bukavu, nachapa memwari (kazi ya kumaliza chuo) ya mteja, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Ukurasa mmoja na nusu umekwenda, na mwenye kazi amesimama nyuma ya kiti changu, kimya.

Ndugu zangu wa kuchapa, Word hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10 msipoigusa. Ingieni Fichier, Options, Enregistrement, muandike 2 badala ya 10. Ctrl na S, ya kuhifadhi, bado ni lazima kila mwisho wa aya. Mimi sasa vidole vinakwenda vyenyewe.

Kama inajizima kwa ajili ya masasisho, tafuteni « Heures d'activité » kwenye Windows Update, muweke saa zenu za kazi. Inakubali muda usiozidi saa 18 kwa siku. Betri ikifa, hakuna mpangilio utakaoizuia kompyuta kuzimika umeme ukikatika.