Kabla hujaenda St Andrews, mji wa gofu na magofu

Wengi wakipanga safari ya St Andrews, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti, huanza na bei ya hoteli. Mimi nashauri uanze na kalenda, kisha uchague Jumapili.

Sababu ni Old Course, uwanja unaohesabiwa kuwa kitovu cha mchezo wa gofu duniani. Kwa kawaida Jumapili hauchezwi. Siku hiyo unakuwa kama bustani ya umma: wenyeji wanatembeza mbwa, watoto wanakimbizana, na mgeni asiyewahi kushika fimbo ya gofu anasimama juu ya kijidaraja cha mawe cha Swilcan na kupigwa picha bila kumkera mtu aliyelipa mamia ya pauni kucheza. Adabu ni kutokanyaga nyasi laini zinazozunguka mashimo wala kuingia kwenye mashimo ya mchanga. Siku za wiki unaweza kuukata uwanja kwa barabara ndogo iitwayo Grannie Clark's Wynd, lakini angalia pande zote. Ukisikia mtu akipaza sauti "Fore!", yaani mpira unakuja, kinga kichwa kwanza, mengine baadaye.

Jumapili ina zawadi nyingine. Wanafunzi wa chuo kikuu, ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote Uskoti (kilipata hati ya Papa mwaka 1413), wakitoka ibadani katika kanisa la St Salvator huteremka hadi bandarini wakiwa na majoho yao mekundu, wakatembea juu ya gati. Hiyo ni wakati wa muhula tu. Ukienda Agosti utakuta gati na shakwe. Mbele ya kanisa hilo, kwenye mawe ya kukanyagia, pameandikwa herufi PH. Hapo ndipo Patrick Hamilton alipochomwa moto mwaka 1528 kwa kufundisha mafundisho ya Luther. Wanafunzi wanaamini kuwa anayezikanyaga herufi hizo atafeli, na dawa yake ni kujitosa baharini alfajiri ya 1 Mei. Mimi sina mtihani wowote pale, ila nazizunguka.

Zipo tarehe za kukwepa. Wakati wa mahafali, hasa Juni na Julai, vyumba vinajaa wazazi. Mapema Oktoba kwa kawaida kuna mashindano makubwa ya gofu, na Julai 2027 mashindano ya The Open yamepangwa kurudi hapa. Wakati wa mashindano hata ile ruhusa ya Jumapili inaondolewa, na bei zinapanda. Kama gofu si shughuli yako, chagua wiki nyingine. Ukiona vyumba ni ghali hata siku za kawaida, lala Dundee, basi linakuleta.

Usafiri unawachanganya watu kwa sababu mji hauna reli. Stesheni yake ilifungwa mwaka 1969. Ukitokea Edinburgh, mji aliosomea Mwalimu Nyerere, unapanda treni ya kuelekea Dundee au Aberdeen, unashuka Leuchars baada ya kama saa moja, kisha unachukua basi nje ya stesheni kwa kilomita nane hivi zilizobaki. Kwa kuwa nimekushauri Jumapili, nina deni la kukwambia pia kwamba siku hiyo treni na mabasi hupungua. Andika saa ya basi la mwisho kabla hujatoka ulikolala.

Viza ni ile ya Uingereza. Uskoti haina ya kwake, na ya Schengen haikuingizi. Noti utakazorudishiwa dukani huenda zikawa zimetolewa na benki za Kiskoti. Ni pauni halali, lakini zitumie huko huko au zibadilishe kabla ya kuondoka, maana duka la kubadilishia fedha huku kwetu linaweza kuzikataa. Chaja yako ya pini tatu za mraba itaingia bila adapta.

Mavazi sasa. Julai ya huko ni kama Julai ya Limuru, ila yenye upepo wa bahari. Mwavuli utapinduka mara moja na kuishia kwenye pipa la taka, kwa hiyo beba koti lenye kofia lisilopitisha upepo. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, una muda wa kutosha. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi jioni, na vivutio vingi hufunga mapema.

Viatu visiteleze, kwa sababu ya ngome ya St Andrews. Ninaizungumzia kwa urefu kidogo kwa kuwa wengi huipiga picha kwa nje wakapita, na kitu chenyewe kiko chini ya ardhi. Machi 1546 Kardinali David Beaton aliamuru mhubiri wa Kiprotestanti George Wishart achomwe moto mbele ya ngome hii. Mei mwaka huo huo, kikundi cha Waprotestanti kiliingia kwa hila, kikamuua kardinali na kuning'iniza maiti yake ukutani watu waione. Serikali ikaizingira ngome. Waliokuwa nje walianza kuchimba handaki kwenye mwamba ili waupindue ukuta kutoka chini. Waliokuwa ndani wakasikia milio ya sururu, wakachimba kuifuata sauti. Walikosea mara kadhaa kabla ya kukutana nao. Mahandaki yote mawili yapo, na unaingia mwenyewe. La waliokuwa ndani ni jembamba, linapinda huku na huku, unainama hadi magoti yanalalamika, na ukuta una unyevu. Ghafla unatokea kwenye handaki la washambuliaji, pana, lenye ngazi, la watu waliokuwa na muda. Mwenye hofu ya sehemu finyu asijilazimishe.

Kutoka hapo kanisa kuu ni mwendo mfupi. Lilizinduliwa mwaka 1318 mbele ya Mfalme Robert the Bruce, nalo lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Uskoti. Juni 1559, baada ya mahubiri ya John Knox, kiongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti Uskoti, lilivamiwa na mapambo yake yakavunjwa. Baadaye watu wakabeba mawe yake kujengea. Msomaji wa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) asome habari hizi kabla ya kwenda, maana Kanisa la Uskoti lililotokana na mageuzi hayo ndilo lililounga mkono misheni ya Kikuyu. Kuingia uwanjani ni bure. Mnara wa St Rule, wenye urefu wa mita 33, ni wa kulipia na hufungwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia tovuti ya Historic Environment Scotland, wanaosimamia magofu haya, kwanza. Makaburini mtafute Tom Morris mdogo, aliyeshinda The Open mara nne mfululizo na kufa mwaka 1875 akiwa na miaka 24 tu; sanamu yake imeshika fimbo ya gofu.

Ukitaka kucheza Old Course yenyewe, kuna bahati nasibu ya siku mbili kabla. Asiye mchezaji aende kwenye kiwanja cha nyasi kiitwacho Himalayas, unasukuma mpira kwenye vilima vidogo kwa bei ndogo, na watoto ndio watakaokushinda.

Kuhusu chakula, Mwislamu ajue kwamba haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo pamoja na oti, na kwa kawaida si halali, lakini ile ya mboga inapatikana kwa urahisi na si mbaya hata kidogo. Samaki na chipsi ni salama zaidi, mradi uulize mafuta ya kukaangia ni ya nini, kwa kuwa baadhi ya wapishi wanatumia ya ng'ombe. Ukinunua, kula ukiwa umeegemea ukuta. Shakwe wa pale wanashuka kwa nyuma.