Kuhamisha kanda za VHS za maktaba ya chuo kwenda kwenye kompyuta: kuanzia rejista hadi katalogi, na dawa ya sauti inayoachana na picha

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mkutubi mwenzangu aliyekabidhiwa kabati zima la kanda za video na kuambiwa "zitunze". Ndani yake mlikuwa na mahafali, mihadhara, michezo ya jukwaani ya wanafunzi wa sanaa za maonyesho, ngoma, na mahojiano na wazee yaliyorekodiwa na watafiti vijijini. Filamu za kununua zilikuwamo pia, ila hizo ziweke mwisho wa foleni, maana nakala zake zimejaa kwingine. Mahojiano na mzee aliyekwisha kufariki yako kwenye mkanda ule mmoja tu, na mkanda huo unaanza kuchoka.

Muda hautusubiri. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Deki zilizopo sasa ni za mitumba, na vichwa vyake vya kusomea utepe vinalika kila siku. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti na picha, walitoa tahadhari kwamba baada ya 2025 kanda za sumaku zitakuwa ngumu mno kusomeka. Kwa hiyo usisubiri bajeti kubwa. Anza na zile ambazo hazina pacha.

Hatua ya 1: Rejista kabla ya deki

Kila mkanda upewe namba, na namba ibandikwe kwenye kaseti yenyewe. Usiibandike kwenye kava, kwa sababu kava hubadilishana. Fungua jedwali kwenye LibreOffice Calc au Excel: namba, maneno ya lebo, aina ya mkanda (E-120, E-180, yaani urefu wake kwa dakika), hali yake, kipaumbele. Maneno ya lebo yanakili kama yalivyo hata yakiwa na makosa. Lebo iliyosema "Mzee Bagamoyo sehemu ya 2" inakueleza kuwa kuna sehemu ya 1 mahali fulani, na ukiisahihisha iwe "Mahojiano, Bagamoyo" umeifuta habari hiyo.

Hatua ya 2: Ukaguzi

Bonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa kaseti, inua mfuniko wa mbele, utazame utepe. Kisha uangalie kupitia kidirisha: ukiona unga mweupe au nyuzinyuzi kwenye kingo za utepe uliojiviringa, huo ni ukungu. Mkanda wa namna hiyo usiingie kwenye deki kabisa. Ukungu utahamia kwenye vichwa, na vichwa vitaupeleka kwenye kila mkanda unaofuata. Utie kwenye mfuko peke yake, andika "UKUNGU", mpe mwenye ujuzi wa kusafisha, na wewe uvae barakoa unapoushika. Maktaba za mwambao zitaona hili mara nyingi kuliko za nyanda za juu.

Mkanda ulio salama, vunja kijibao cha nyuma ili usiweze kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Upeleke mbele hadi mwisho, urudishe hadi mwanzo, ndipo ucheze. Utepe uliokaa miaka bila kuguswa huwa umegandana na kukaza mahali pamoja na kulegea pengine.

Hatua ya 3: Vifaa

Deki yenye tundu la S-Video ukiipata. Ukiikosa, waya wa njano utatosha. Kadi ya kunasia video inayotambulika na programu utakayotumia. Mimi natumia vrecord kwenye Linux au Mac, ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya kazi ya nyaraka. Vile vijiti vya bei ya chini vya USB vinavyokuja na programu yake kwenye CD siwezi kumshauri mtu. Vingi vinabana picha hapo hapo inapoingia, na kilichobanwa hakirudi. Kama hela ni ndogo, punguza idadi ya kanda mwaka huu kuliko kupunguza ubora wa kadi.

Nunua na UPS, betri ya akiba umeme unapokatika.

Hatua ya 4: Kunasa, na tatizo la sauti na picha kuachana

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Unanasa mkanda wa saa moja na nusu, mwanzo uko sawa, ukifika katikati midomo ya mhadhiri inatangulia na maneno yanafuata nyuma. Wengi hukimbilia kuisogeza sauti kwenye programu ya kuhariri. Usifanye hivyo kabla hujajua chanzo.

Picha ya PAL, mfumo uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, ina fremu (picha tuli moja moja) 25 kwa sekunde. Fremu moja ni milisekunde 40. Deki ya nyumbani haitoi fremu hizo kwa mapigo yaliyonyooka: utepe umevutika, injini inayumba, na kila mstari wa picha unawahi au kuchelewa kidogo. Televisheni ya zamani ilivumilia. Kadi ya kompyuta haivumilii. Ikishindwa kutambua fremu inaanzia wapi, inaitupa na kungoja inayofuata, huku sauti ikiendelea kuingia kama kawaida. Zikitupwa fremu 25, picha imekuwa fupi kwa sekunde nzima kuliko sauti.

Basi kwanza pima. Usipime kwa midomo, inadanganya. Tafuta kitu kinachogonga: fimbo inapotua kwenye ngozi ya ngoma, makofi, mlango, chaki inapopigwa ubaoni. Tazama fremu kwa fremu mahali patatu, yaani karibu na mwanzo, katikati na karibu na mwisho. Kwenye mkanda mmoja wa ngoma tuliokuwa nao, mwanzoni fimbo na mlio vilikwenda pamoja. Baada ya mpiga picha kusimamisha na kuwasha tena kamera, mkono ulikuwa tayari umeinuka juu ndipo mlio unasikika.

Kama tofauti inaruka ghafla mahali fulani kisha inabaki ilivyo, ni fremu zilizotupwa. Mara nyingi utazikuta pale mwenye kamera aliposimamisha kurekodi, au palipo na kipande kitupu chenye chenga. Kama tofauti inakua polepole tangu mwanzo hadi mwisho, ni saa mbili zinazopishana: picha inaingia kupitia kadi ya video na sauti inaingia kupitia tundu la maikrofoni la kompyuta, na kila kimoja kinahesabu sekunde kwa kipimo chake.

Hili la pili dawa yake ni nyepesi. Waya za sauti, nyekundu na nyeupe, zichomeke kwenye kadi ile ile inayopokea picha, na kwenye programu uchague sauti ya kadi hiyo, kwa kiwango cha 48 kHz.

Hili la kwanza linataka kifaa cha kunyoosha mapigo ya picha, ambacho mafundi wa televisheni hukiita TBC. Kinakaa katikati ya deki na kadi. Kinapokea fremu zinazoyumba, kinaziweka kwenye kumbukumbu yake, kisha kinazitoa kwa mapigo sawa. Zile kubwa za studio ni ghali, lakini kabla hujakata tamaa ulizia kituo cha televisheni au idara ya uandishi wa habari chuoni kwako, huenda ipo moja stoo. Ukikosa, tafuta mashine ya kurekodi DVD ya Panasonic, DMR-ES10 au DMR-ES15. Huirekodii chochote; unapitisha tu picha ndani yake, kutoka deki kuingia kwake, kutoka kwake kuingia kwenye kadi. Inanyoosha mistari vizuri sana kwa bei ya mtumba. Ina kasoro mbili: haiwezi kila kitu ambacho TBC ya studio inaweza, na haikusaidii kwa filamu za kununua zilizofungwa zisinakiliwe.

Ukishaipata, bado kuna mambo yanayotupa fremu ambayo hayahusiani na mkanda:

- Kadi ichomekwe kwenye tundu la kompyuta yenyewe, isipitie kigawanyio cha USB.
- Nasa kwenye diski ya ndani, kisha ndipo uhamishe kwenye diski ya nje.
- Zima intaneti, masasisho na programu ya kuzuia virusi wakati wa kunasa.
- Kompyuta mpakato iwe kwenye umeme na mipangilio ya kubana matumizi ya betri izimwe.

Programu nyingi zinaonyesha idadi ya fremu zilizotupwa. Iandike kwenye rejista kwa kila mkanda. Ikiwa si sifuri, nasa upya. Nakala ya kuhifadhi isinyooshwe kwa kuvuta sauti, kwa kuwa atakayeitumia baadaye hatajua kilichovutwa.

Halafu kuna kanda za msaada. Zilizotoka Marekani ni za mfumo wa NTSC, picha ya mistari 525 badala ya 625 ya PAL. Deki ya PAL inaweza kuzicheza na televisheni ikazionyesha, lakini inachotoa ni mchanganyiko ambao kadi nyingi huupokea bila rangi au hukataa kabisa. Zilizotoka Ufaransa huwa za mfumo wa SECAM, na deki ya PAL kwa kawaida huzionyesha nyeusi na nyeupe. Usidhani mkanda umekufa. Unahitaji deki ya mfumo wake.

Hatua ya 5: Nakala mbili kwa kila mkanda

Ya kuhifadhi: FFV1, njia ya kubana picha, ndani ya faili la MKV. Haipotezi chochote na haina malipo ya leseni. Picha isiyobanwa ya PAL ya biti 8 ni kama GB 75 kwa saa. FFV1 huipunguza kwa karibu nusu, kutegemea chenga zilizomo. Wakubwa watalalamika juu ya diski. Waonyeshe rejista na bei ya kumrudisha mtafiti kijijini.

Ya kutazama: MP4, inayochezeka hata kwenye simu. Amri ya ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video, ni hii:

ffmpeg -i V0143.mkv -vf bwdif -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart V0143.mp4

Hiyo bwdif inaondoa mistari kama ya kitana inayoonekana kitu kinapokwenda kasi. Iweke kwenye nakala ya kutazama tu.

Kisha alama za uhakiki, zinazoonyesha kama faili limebadilika: sha256sum *.mkv > alama.txt. Kila unapohamisha mafaili, endesha sha256sum -c alama.txt. Weka nakala tatu za kila faili, moja nje ya jengo.

Hatua ya 6: Katalogi

Kwenye Koha, programu ya katalogi ya maktaba, utajaza sehemu za MARC namba 245 (kichwa) na 300 (maelezo ya umbo) bila kufundishwa. Zinazosahaulika ni 518 (lini na wapi ilirekodiwa), 511 (wanaoonekana au kusikika), 520 (muhtasari) na 540 (masharti ya matumizi). Kwa mahojiano, ongeza lugha inayozungumzwa. "Kiswahili" peke yake haitoshi ikiwa nusu ya maongezi ni Kimakonde. Nakala ya kutazama iende DSpace, hifadhi ya kidijitali ya chuo, na kiungo chake kwenye 856.

Hatua ya 7: Nani aone

Kuwa na mkanda si kuwa na haki ya kuuweka mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina ya 2001. Zisome pamoja na mwanasheria wa chuo. Vipindi vilivyorekodiwa kutoka televisheni vibaki kwenye kompyuta ya maktaba. Kwa mahojiano na ngoma, swali halimaliziki kwenye sheria: mzee alikubali kuzungumza na mtafiti, hakukubali kuonwa na dunia. Ngoma za jando na unyago zifungwe mpaka wenyewe waulizwe, na jibu lao, pamoja na tarehe na aliyelitoa, liandikwe kwenye 540 neno kwa neno.

Mkanda wenyewe usitupwe. Urudishwe mwanzo, usimamishwe wima kama kitabu, mbali na jua na spika, na namba yake ibaki palepale.