Leza Inavyobandua Bamba kwa Nyuma: Jaribio la Maabara, Hatua kwa Hatua

Ukipigilia msumari ukutani, wakati mwingine lipu hudondoka upande wa pili, chumba ambacho nyundo haikufika. Leza ya mpigo mfupi huifanyia metali vivyo hivyo. Uso uliopigwa hubaki na alama ndogo tu, na uharibifu wenyewe umejificha ndani, karibu na mgongo wa bamba. Wengi wanaoanza kazi hii hukagua mbele, wakaona sampuli ni nzima, wakaiweka kando. Fuata hatua hizi uone kilichomo.

1. Andaa sampuli. Chukua bamba la alumini lenye unene wa robo milimita, ulisugue kwa msasa laini pande zote. Mbele paka rangi nyeusi, au bandika utepe wa alumini. Tabaka hilo ndilo litakaloungua. Bila hilo, metali yenyewe itaungua na hutaweza kutenganisha kazi ya joto na kazi ya wimbi la mgandamizo linalopita ndani ya bamba.

2. Tiririsha maji juu yake, milimita moja au mbili, yasiwe na mapovu. Mwanga hupenya maji na kugeuza rangi kuwa plazma, yaani gesi ya moto sana yenye chaji za umeme. Plazma inataka kutanuka, maji yanaizuia, hivyo inalisukuma bamba kwa shinikizo kubwa mara kadhaa kuliko ambavyo ingekuwa hewani, na kwa muda mrefu zaidi.

3. Piga hesabu kabla ya kufyatua. Juli 1.5 ndani ya nanosekunde 10, kwenye doa la kipenyo cha milimita 3, ni takribani gigawati 2 kwa sentimita ya mraba. Chini ya maji hiyo hukupa shinikizo la karibu gigapaskali 2. Shinikizo hufuata kipeuo cha pili cha ukali wa mwanga, kwa hiyo ukitaka kulizidisha mara mbili, ongeza nishati mara nne au punguza kipenyo cha doa kwa nusu. Lakini doa lisikaribiane na unene wa bamba, la sivyo mawimbi ya pembeni yatavuruga kila kitu. Na ukielekea gigawati 10, maji yenyewe huanza kugeuka plazma na kuuzuia mwanga.

4. Vaa miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa urefu wa wimbi wa leza yako. Mwanga wa nanomita 1064 hauonekani, na tone moja la maji linatosha kuurudisha jichoni. Asiye na miwani atoke chumbani.

5. Fyatua mara moja tu kwa kila sampuli, ukianza na nishati ndogo na kupanda. Ukirudia palepale, unapiga metali iliyokwisha kuchoka.

Kinachotokea ndani ni hiki. Wimbi la mgandamizo huvuka bamba kwa takribani nanosekunde 40. Likifika mgongoni halina cha kusukuma, kwa hiyo hurudi likiwa limegeuka wimbi la kulegeza, linaloondoa mgandamizo. Linakutana na wimbi jingine la kulegeza linalotoka mbele baada ya mpigo kwisha. Pale yanapokutana, metali inavutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Mgandamizo inaustahimili vizuri. Mvutano ndio unaoipasua. Vitundu vidogo huzaliwa, hukua, huungana, na hatimaye ganda jembamba hubanduka.

6. Kata sampuli katikati ya doa. Igandishe kwenye rezini, utomvu unaokauka ukawa mgumu, kwanza, kisha kata, sugua na ng'arisha hadi ionekane kama kioo. Usiharakishe hapa: alumini ni laini, na msasa wa haraka huziba vitundu ulivyokuja kuvitafuta. Chini ya hadubini utaona mstari wa vitundu vya mviringo sambamba na mgongo. Nishati ikiwa kubwa, utaona ufa kamili.

7. Pima nguvu ya mbanduko. Kama una kipimamwendo cha leza, kielekeze mgongoni. Kasi hupanda, hushuka kidogo, kisha hupanda tena. Chukua tofauti ya kilele na bonde linalofuata, zidisha kwa msongamano na kasi ya sauti, gawa kwa mbili. Kwa alumini, kilo 2700 kwa mita ya ujazo, mita 5300 kwa sekunde, na tofauti ya mita 150 kwa sekunde, unapata karibu gigapaskali 1.1. Namba hiyo ni kubwa kuliko ya mashine ya kawaida ya kuvuta, na ni sahihi: mvutano huu huja na kuondoka ndani ya nanosekunde chache, vitundu havipati muda wa kutosha wa kukua.