Kupima presha kwa mashine ya geji kwenye mtihani wa vitendo

Alama nyingi hupotea kabla hewa haijaingia kwenye kafu (mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa), kwa hiyo tuanzie huko.

1. Mgonjwa. Nawa mikono, msalimu, jitambulishe, kisha mwombe ataje majina yake mwenyewe: "Shikamoo mama, naomba majina yako kamili." Usimtajie wewe akaitikia tu. Mweleze unachotaka kufanya na usubiri akubali. Muulize kama katika dakika 30 zilizopita amekunywa kahawa, amevuta sigara au ametoka kutembea haraka, na kama amebanwa na mkojo. Yote hayo hupandisha presha. Apumzike dakika 5 bila kuongea.

2. Mkao. Mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage sakafu, miguu isipishane. Mkono ulale mezani, kafu ikiwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia utasoma juu kuliko ukweli, ukiinuliwa mno utasoma chini. Usitumie mkono wenye dripu, wenye fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji) ya kusafishia damu, wala wa upande ulioondolewa titi.

3. Kafu. Mfuko wa hewa uliomo ndani uzunguke angalau 80% ya mzingo wa mkono, na upana wake uwe kama 40%. Mkono wenye mzingo wa sm 30, basi, unataka mfuko wa sm 24 kwa 12. Kafu ndogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya uongo ya juu, na mtu asiyeumwa akaanzishiwa dawa. Papasa ateri ya brakia (mshipa mkuu wa damu wa mkono) upande wa ndani wa kikunjo cha kiwiko, elekeza alama ya kafu hapo, na ukingo wa chini ukae sm 2 hadi 3 juu ya kikunjo. Mkono uwe wazi; shati lililokunjwa likabana nalo ni kosa.

4. Kupapasa kwanza. Hii ndiyo hatua wanafunzi wanayoiruka. Shika mapigo ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, pampu mpaka yapotee, soma geji. Tuseme 130. Toa hewa yote, subiri sekunde 30.

Kwa nini usumbuke? Baadhi ya wenye ugonjwa wa presha wana pengo la kimya: milio ya mapigo unayoisikia kwa stetoskopu hewa ikitoka inaanza, inapotea, kisha inarudi. Mwenye 190/100 anaweza kuwa kimya kati ya 170 na 150. Ukipampu kwa kukisia hadi 160, utasikia mlio wa kwanza kwenye 150 na kuandika 150/100 kwa kujiamini kabisa. Vidole havidanganywi na pengo hilo, kwa sababu mapigo yenyewe hayakatiki.

5. Kusikiliza. Vipuli vya stetoskopu vielekee mbele, kufuata tundu la sikio. Kichwa chake kikae juu ya ateri, kisichomekwe chini ya kafu wala kisikandamizwe. Pampu hadi 30 juu ya ulichopapasa, yaani 160, kisha achia vali taratibu, mmHg (milimita za zebaki, kipimo cha presha) 2 hadi 3 kwa sekunde. Geji inaposomeka kwenye milio miwili ya kwanza inayofuatana, hiyo ndiyo namba ya juu ya presha. Milio inapopotea kabisa ndiyo namba ya chini. Kwa mjamzito milio inaweza kuendelea karibu na sifuri. Hapo chukua pale inapofifia ghafla. Ukipitwa na mlio, usipampu tena katikati. Toa hewa yote, ngoja dakika 1 au 2, anza upya.

6. Kuandika. Mistari ya geji inapishana kwa 2, kwa hiyo 128/82 ni jibu, 127/81 si jibu, na 120/80 kwa kila mgonjwa humtia msimamizi mashaka. Andika pia saa, mkono uliotumia na mkao. Ikiwa 140/90 au zaidi, rudia kisha toa taarifa. Mwambie mgonjwa matokeo, futa vipuli na kichwa cha stetoskopu kwa spiriti, nawa mikono tena.