Ukitaka kuandika stori ya mapenzi ya wakati wa Holokosti, anza na muhuri

Watu wengi wakiandika mapenzi ya kipindi Wanazi wanaangamiza Wayahudi wanaanza na busu la kuagana kwenye behewa la treni, mvua inanyesha, violini linalia kwa mbali. Mimi nakwambia anza na makaratasi. Nani ana muhuri kwenye kitambulisho wa kumkinga asipelekwe kambini, nani hana, na huyu mwenye nao atafanyaje siku akijua mchumba wake au mama yake hana. Ukishaelewa hilo, kujitoa mhanga kunajileta kwenyewe, huna haja ya kukitafuta kwa machozi.

Kabla ya yote chagua mji mmoja na mwaka mmoja. Usiandike "Ulaya wakati wa vita" maana mambo ya Warsaw siyo ya Amsterdam na ya Amsterdam siyo ya Budapest. Poland ukimficha Myahudi adhabu iliyotangazwa ilikuwa kifo, Uholanzi aliyekamatwa mara nyingi alipelekwa jela au kambini, sasa hofu ya mwenye nyumba haiwezi kuwa ileile. Hungaria treni kubwakubwa za kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, zilianza Mei 1944, kwa hiyo ukimpandisha binti wa kijiji cha Hungaria kwenye treni ya 1942, msomaji anayejua historia anafunga ukurasa hapohapo.

Tuchukue Amsterdam. Wajerumani waliingia Uholanzi Mei 1940, nchi nzima ilikuwa na Wayahudi kama 140,000, na mpaka vita inaisha zaidi ya 100,000 walishauawa. Ila angalia ilivyokuja, haikuja kwa siku moja. Kwanza kitambulisho chenye herufi J kubwa, halafu Mei 1942 nyota ya njano kwenye nguo, Julai 1942 treni zinaanza kutoka Westerbork, kambi ya humohumo Uholanzi ya kukusanyia watu kabla ya kusafirishwa, kwenda Auschwitz, na kati ya Machi na Julai 1943 zikawa zinaenda Sobibor, kambi nyingine ya mauaji, watu zaidi ya 34,000, waliobaki hai ni 18. Siku ya treni kwa muda mrefu ilikuwa Jumanne, na usiku wa kuamkia Jumanne majina ya watakaoondoka yanasomwa kwenye mabweni ya Westerbork. Hapo mwandishi ushapewa saa ya hadithi yako bure, wiki nzima watu wanapumua kuanzia Jumanne mchana, wanaanza kukosa usingizi Jumapili.

Sasa muhuri wenyewe. Waliofanya kazi kwenye Baraza la Wayahudi, chombo cha Wayahudi wenyewe kilichowekwa na Wajerumani kutekeleza amri zao, na baadhi ya mafundi ambao Wajerumani walikuwa bado wanawahitaji, waligongewa muhuri kwamba wasipelekwe "mpaka itakapotangazwa vinginevyo". Hayo maneno yasome mara mbili. Kila muhuri uliotolewa kwa huyu ulimaanisha mwingine atajaza nafasi kwenye treni, kwa sababu idadi lazima itimie, na mwaka 1943 mihuri nayo ikaanza kufutwa kundi kwa kundi. Kwa hiyo kijana anayemhangaikia mpenzi wake apate muhuri anafanya jambo la mapenzi na wakati huohuo anamsukuma mtu asiyemjua. Usimfichie hilo msomaji, hapo ndipo penye hadithi, maana shujaa msafi kabisa kwenye mazingira yale ni wa kutunga tu. Na kulikuwa na vijana wenye muhuri halali waliosema basi, nakwenda na wazazi wangu. Hao hawakuwa na hotuba. Walifunga begi.

Kama unataka tukio moja la kulichimba mpaka chini, chukua ukumbi wa michezo wa Hollandsche Schouwburg, uliogeuzwa mahali pa kukusanyia watu waliokamatwa, na nyumba ya kulelea watoto iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Watoto wadogo walitenganishwa na wazazi wakawekwa huko. Walter Süskind, Myahudi mwenyewe, ndiye alikuwa anasimamia mambo ya pale ukumbini, Henriëtte Pimentel ndiye mkuu wa nyumba ya watoto, na chuo cha ualimu cha jirani kilikuwa chini ya Johan van Hulst. Tramu, ile treni ya barabarani ya mjini, ikipita katikati inamziba mlinzi macho, mfanyakazi anatoka fasta na mtoto. Wengine walipitishwa uani kwenye chuo, wamo ndani ya mabegi na vikapu. Jina la mtoto linafutwa kwenye orodha. Kwa njia hizo wanakadiria waliokolewa watoto kama 600. Pimentel aliuawa Auschwitz mwaka huohuo wa 1943, Süskind hakuona mwisho wa vita, mke wake na binti yake nao waliuawa.

Lakini wewe usiandike juu ya hao wakubwa, wana watu wao wa kuwaandika. Andika juu ya mzazi anayeulizwa usiku: tumchukue mwanao au uende naye? Wazazi wenyewe hawajui treni inaenda wapi hasa, wanaambiwa ni kazi mashariki, na mtoto atakwenda kwa watu ambao hata jina hawataambiwa. Kumkatalia ni mapenzi, kumkubalia ni mapenzi. Wengi huharibu hapa kwa kuandika hivi:

"Alimtazama mumewe machozi yakimtiririka akasema, mpenzi wangu, moyo wangu unapasuka, lakini kwa ajili ya upendo lazima tumwachie."

Hakuna mtu anaongea hivyo saa nane usiku ukumbini kumejaa watu wamelala sakafuni. Jaribu hivi:

"Akauliza huko kuna maziwa. Yule dada akasema yapo. Akanyamaza kidogo, akasema yasiwe ya baridi, ya baridi anatapika. Mumewe alikuwa tayari ameshaanza kumzungushia mdoli blanketi la mtoto."

Mdoli hajaja tu kupamba. Kuna wazazi walioondoka wamebeba mdoli au mto uliofungwa kwenye blanketi ili hesabu ya watu ionekane sawa, nawe ukiweka kitu kama hicho huhitaji tena neno "moyo" kwenye ukurasa mzima.

Upande wa waliojificha, kumbuka tumbo. Aliyejificha hana kadi halali ya mgao, kwa hiyo kuna mtu nje anatafuta kuponi, anaiba au ananunua, na anayempenda aliyejificha hajui atatoboa mwezi huu au la. Pia kulikuwa na watu wanalipwa gilda (pesa ya Uholanzi) 7.50 kwa kila Myahudi waliyemkamatisha. Jirani wa stori yako aijue hiyo bei.

Ukiipeleka stori Auschwitz, angalia mambo mawili matatu. Namba ya mkononi walichorwa waliosajiliwa kama wafungwa, waliopelekwa moja kwa moja kwenye gesi hawakuchorwa chochote. Wanaume na wanawake walitengwa, kwa hiyo usiwape wapenzi jioni za kukaa ukutani wakipiga stori. Mapenzi yalikuwepo, Mala Zimetbaum na Edek Galiński walitoroka pamoja Juni 1944, wakakamatwa, wakauawa Septemba. Ila lile wazo la mlinzi wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, kumpenda mfungwa, mimi siliandiki na nakushauri usiliandike, mtu mwenye uwezo wa kukuua jioni hachumbii.

Lugha nayo. Mama wa Kiyahudi wa Amsterdam hasemi wallahi, haombi kwa jina la Yesu, na mwanawe akimwambia shikamoo msomaji anatoka Uholanzi anajikuta Morogoro. Mpe viazi, mpe mishumaa ya Ijumaa jioni, na kumbuka wengi wao hata sinagogi walikuwa hawaendi.

Na wale mnaoniuliza kama Mswahili anaweza kuingia: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, Ujerumani wakimwita Bayume Mohamed Husen, alikuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto, akaja kufundisha Kiswahili Berlin, akakamatwa 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Ni stori kamili ya peke yake. Usimchomeke kwenye treni ya Westerbork ili mradi tu kuwe na mtu wa kwetu.

Mwisho wa hadithi usikatie siku askari wa ukombozi wanafika. Mei 1945 mama mlezi ana mtoto aliyemficha miaka miwili, mtoto anamwita mama, halafu anatokea shangazi mmoja aliyenusurika anamtaka. Au hatokei mtu kabisa, na tume ya serikali ndiyo inaamua akae wapi, alelewe Kikristo au Kiyahudi. Kuna yatima kibao Uholanzi walipitia hiyo, na walezi waligombana kwelikweli na ndugu waliobaki. Hiyo ipe sura tatu, siyo kurasa mbili za kumalizia.